Hundi ya Kumrudisha Bakari Madimba

Kwa Kaka Saidi,
Rahaleo, Mtwara.

Shikamoo, Kaka.

Nimeanza na shikamoo kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na hilo halibadiliki hata nikiwa na hasira ya namna hii. Mama hajambo? Magoti yake bado yanamsumbua, au zile dawa alizoandikiwa zimemsaidia? Wifi Mwanahawa na watoto wanaendeleaje? Nimesikia mikorosho ya mama mwaka huu imetoa maua haba, nikaumia, maana najua anavyoitegemea. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nakwenda kazini, narudi. Rohoni siko sawa, na sababu ni wewe, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Sikutaka kukupigia. Nikikupigia nitalia, na nikilia utasema, basi mdogo wangu, yameshapita. Sitaki yapite hivyo. Ujumbe wa simu nao nimeukataa, kwa sababu kwenye lile kundi letu la familia neno likiingia asubuhi, mchana liko Madimba limeshaongezwa chumvi. Karatasi utaisoma leo ukakasirika, halafu utaisoma tena ukiwa umepoa.

Jumapili iliyopita ndipo nilipojua kwamba ulikwenda Madimba kwa Mzee Mfaume, ukakaa mbele yake na wazee wawili, ukaomba radhi kwa niaba yangu kwa kula pesa za maiti ya mwanawe Bakari. Kaka, sikula pesa za maiti. Nitakueleza toka mwanzo, hata yale unayodhani unayajua.

Bakari unamkumbuka, yule mrefu aliyefanya kibarua wakati wanajenga kiwanda cha gesi, akawa anakuja mjini kila Ijumaa anakula kwako baada ya swala. Huku ughaibuni alikuwa anafanya kazi kwenye ghala kubwa, anapakia maboksi. Aliniita dada ingawa alinizidi miaka miwili. Gari langu likigoma, yeye ndiye aliyelala chini yake kwenye theluji akilitengeneza, na ukimpa hela anakuambia umpikie kisamvu. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, boksi mkononi. Hakuumwa hata siku moja kabla ya hapo.

Shehe wa msikiti wetu alishauri azikwe hukuhuku, haraka, kama dini inavyotaka. Lakini mama yake alilia kwenye simu, akasema anataka kaburi la mwanawe liwe mahali ambapo anaweza kwenda kwa miguu. Rukia, mkewe aliyebaki huko kijijini, akasema hivyohivyo. Nani angewakatalia? Tukakubali kumrudisha.

Sisi watu wa Kusini hapa hatufiki hata familia ishirini. Tuna chama chetu cha kuzikana. Mwenyekiti ni Bwana Kassimu, mtu wa Lindi, na mweka hazina ni mimi. Chama hakina akaunti, kwa hiyo michango inaingia kwenye akaunti yangu. Hapo nilikosea, nalikubali, na nimeshawaambia. Watu walichanga kwa siku tatu, wengine walikopa kazini kwao. Zikapatikana za kuilipa kampuni ya mazishi, na zikabaki kiasi za kumsaidia Rukia akiwa eda.

Sasa nikueleze hundi, maana wewe umeziona kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho tu, zikiandikwa na mhasibu. Huku mtu wa kawaida ana kitabu chake cha hundi nyumbani. Kodi ya nyumba, fundi, ada, unachana karatasi, unaandika jina la unayemlipa na kiasi, unatia sahihi, unaiweka kwenye bahasha na kuituma kwa posta. Mwenzio akiipata anaipeleka benki yake. Nimefanya hivyo miaka sita bila tatizo.

Kampuni ya mazishi iko mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari. Nilitaka kuipeleka hundi mwenyewe. Bwana Kassimu akanizuia.

"Weka posta tu, Somoe," aliniambia. "Siku mbili imefika. Usijichoshe."

Yashike maneno hayo, maana baadaye aliyakana.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo kwa yule bibi ninayemtunza, miguu imevimba hata kandambili zinabana. Niliiandika hundi kwa kalamu ya kawaida, ileile ninayoandikia mahitaji ya sokoni, nikaitia kwenye bahasha nyembamba. Nikaenda nayo mpaka kona ya mtaa kwenye sanduku la chuma la posta. Sanduku lina kibao kinachoonyesha saa ambazo gari la posta linakuja kuchukua barua. Kwa Jumamosi lilikuwa limeshapita, na Jumapili haliji. Kibao hicho nilikisoma, kaka. Nilikisoma, nikaitumbukiza bahasha hivyohivyo, nikarudi kulala. Nimejilaumu kwa hilo kuliko utakavyoweza kunilaumu wewe. Lakini uchovu ni uchovu. Wizi ni kitu kingine.

Alhamisi mama mmoja wa kampuni ya mazishi akanipigia. Alikuwa mpole, ila alisema wazi kwamba hawajapokea kitu, na bila malipo hawawezi kuandaa makaratasi wala kumkatia marehemu nafasi kwenye ndege. Nikafungua akaunti kwenye simu. Ilikuwa tupu. Hundi ilikuwa imeshalipwa tangu Jumatano, na kiasi kilicholipwa kilikuwa kikubwa kuliko nilichoandika. Walichukua michango yote, wakachukua na akiba yangu ya nauli ya kuja kumwona mama.

Nilikwenda benki na nguo za kazini. Karani alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Akanigeuzia kioo cha kompyuta, nikaiona hundi yangu.

"Sahihi hii ni yako?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Na mwandiko huu?"

Haukuwa wangu. Palipokuwa na jina la kampuni ya mazishi palikuwa na jina la mtu nisiyewahi kumsikia, na tarakimu nyingine kabisa. Sahihi tu ndiyo waliyoiacha. Karani akanieleza taratibu jinsi wanavyofanya. Wanashusha kamba yenye gundi kwenye mdomo wa sanduku, wanavua bahasha kama mtu anavyovua samaki. Bahasha nyembamba wanaipenda, kwa sababu ukiinua kwenye mwanga unaona kilichomo. Hundi wanailoweka kwenye dawa, wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka wote, sahihi wameiziba kwa utepe isiguswe. Ikikauka ni karatasi safi yenye idhini yako, wanaandika wanachotaka. Akaniambia kuna kalamu za wino unaozama ndani ya karatasi, huo haufutiki kwa dawa. Akaniambia hundi inapelekwa ndani ya posta, inakabidhiwa mkononi kwenye kaunta kabla ya saa ya gari, wala hailazwi sandukuni.

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia hayo siku waliponipa kitabu cha hundi. Akajibu kwamba yameandikwa kwenye karatasi nilizopewa. Nilitamani kuipindua ile meza. Maiti ya mtu ilikuwa kwenye jokofu, mama yake anangoja Madimba, na mimi naambiwa kuhusu karatasi nilizopewa miaka sita iliyopita.

Nilikwenda polisi, wakaniandikia ripoti, kama RB ya huko kwetu. Nikaapa kiapo cha benki kwamba ule mwandiko si wangu. Wakasema watachunguza, na uchunguzi unaweza kuchukua miezi. Siku hiyohiyo nikaita kikao cha chama, nikawaeleza kila kitu. Nilidhani tutashauriana namna ya kumsafirisha Bakari. Bwana Kassimu akasimama akasema yeye hajui habari za dawa na kamba, anachojua ni kwamba hela ziliingia kwangu na sasa hazipo. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniambia nitie posta.

"Mimi sikusema hivyo," akajibu, mbele ya watu.

Mama Jamila alikuwa amekaa karibu yangu. Nimemlelea mtoto wake bure mwaka mzima alipokuwa anatafuta kazi. Akauchukua mkoba wake uliokuwa kati yetu, akauweka upande wa pili wa kiti. Kaka, nimeona mengi huku, nimetukanwa na wagonjwa, nimesafisha vinyesi vya watu wasiotaka hata kuguswa na mkono wangu, lakini hakuna kilichoniuma kama ule mkoba.

Kesho yake niliuza gari. Nililiuza kwa mtu wa kwanza aliyekuja, kwa bei aliyotaka yeye. Binti wa yule bibi ninayemtunza akanipa mshahara wa miezi miwili mbele. Nikapata hundi iliyoandikwa na benki yenyewe, nikapanda basi mpaka kwa wale watu wa mazishi, nikaiweka mkononi mwa yule mama, nikasubiri mpaka aniandikie risiti. Nikaomba kumwona Bakari. Wakaniruhusu. Nikamsomea Fatiha, nikamwomba radhi kwa kumchelewesha. Huyo ndiye niliyekuwa na sababu ya kumwomba radhi, na nilimwomba mwenyewe.

Alikaa kwenye jokofu siku kumi na tisa. Picha za jeneza likishushwa Madimba niliziona kwenye simu nikiwa kituo cha basi, saa kumi na moja alfajiri, maana sasa kufika kazini ilibidi nibadilishe mabasi mawili. Nilifurahi kwamba amefika. Sikumwambia mtu yeyote huko kwamba gari langu ndilo lililomsafirisha. Niliona ni aibu kujitangaza juu ya msiba wa watu. Sikujua kwamba Bwana Kassimu alikuwa ameshapiga simu Madimba, amewaambia mweka hazina amekula michango na eti yeye amehangaika kuziba pengo.

Miezi minne imepita. Wiki mbili zilizopita benki ikaniandikia kwamba wameridhika hundi ilighushiwa, na hela zote wamezirudisha. Nikaita kikao tena. Nikagawa nakala: picha ya hundi yenye mwandiko wa mwizi, ripoti ya polisi, barua ya benki, risiti ya mazishi. Watu wakasoma wakipeana. Mama Jamila akaanza kulia, nikamwacha alie. Bwana Kassimu akasema alhamdulillahi, mambo yameisha, sasa tusonge mbele.

Nikamwambia hayajaisha. Nikamtaka apige simu Madimba palepale, aweke sauti kubwa, amwambie Mzee Mfaume ukweli sote tukisikia. Alijaribu kusema huko kwetu ni usiku. Haikuwa usiku, ilikuwa saa kumi jioni. Akapiga. Akaeleza, kwa kugugumia, kwamba mwizi amejulikana si Somoe, na hata nauli ya marehemu ilitoka kwa Somoe. Mzee akasema, bila ukali wowote:

"Lakini kaka yake alikuja hapa na wazee, akaomba radhi, akaleta na hela. Kama dada yake hakuiba, alikuja kuombea nini?"

Ukumbi mzima ulinigeukia mimi. Nilikuwa na karatasi nne mkononi, zenye mihuri, na zote zilikuwa bure mbele ya swali hilo.

Nikampigia wifi. Alisitasita, nikamsihi, ndipo akaniambia umeuza bajaji yako ili upate hela ya kumpelekea Rukia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Akasema siku hizi unakwenda kubeba mizigo bandarini kwa kutwa, na mama anajua, na mama ameambiwa asinitajie. Kwa hiyo mama yangu naye anaamini nimeiba. Kila nilipompigia miezi hii yote alikuwa ananiambia "Mungu akuongoze, mwanangu," na mimi nadhani ananiombea heri.

Wewe unaweza kusema ulifanya kwa mapenzi, kwamba ulijinyima ili kunifichia aibu. Najua hilo, na ndilo linalonichoma. Adui akinisingizia, namkabili, nina karatasi. Ndugu yangu akienda kulipa deni lisilokuwepo, amenifunga mdomo. Hakuna hakimu wala benki inayoweza kunisafisha baada ya wewe kwenda kukiri kwa niaba yangu. Bwana Kassimu alisema nimeiba akiwa na neno tu. Wewe ulilipia neno lake, likawa kweli.

Na muda wote huo simu yako ilikuwa na namba yangu. Tulizungumza mara nne katika miezi hiyo, nimehesabu kwenye simu. Mara moja ulinisimulia kisa cha ndoa ya jirani kwa nusu saa. Mara moja ulitaka nikuelekeze namna ya kuongeza nafasi kwenye simu. Ungesema: Somoe, nimesikia jambo, imekuwaje? Ningekueleza. Hukuniuliza. Umenibeba mgongoni tukienda shule, umenijua toka siku niliyozaliwa, na mtu wa Lindi usiyewahi kumwona alipowaambia watu wa Madimba kwamba mimi ni mwizi wa maiti, habari ikakufikia, ukaona hilo halihitaji kuulizwa.

Sasa sikiliza ninachotaka. Ndani ya bahasha hii kuna zile nakala nne. Kila moja nimeandika nyuma yake kwa Kiswahili inasema nini. Waite wazee walewale wawili, uende nao Madimba, ukae palepale ulipokaa. Mpe Mzee Mfaume azishike mwenyewe. Halafu mwambie kwa mdomo wako kwamba ulikwenda kuomba radhi bila kujua, na kwamba dada yako hakuiba. Kwa simu sitaki, na usimtume mtu. Aliyekwenda kukiri kwa niaba yangu ndiye aende kukanusha. Ukitoka huko, nenda kwa mama, umwambie vilevile, kabla hujala wala kunywa.

Hela uliyompa Rukia usimdai hata senti. Ni mjane, na anayo haki ya kusaidiwa. Zile za michango zilizobaki kwa ajili yake nimeshamtumia benki moja kwa moja, na amenijibu kwamba zimefika. Bajaji nitakununulia mimi nikishalipa mshahara niliokopa, na usidhani ndiyo msamaha. Nanunua kwa kuwa watoto wa wifi wanataka kula, na mgongo wako si wa kubeba magunia.

Barua hii nimeipeleka mwenyewe ndani ya posta, nikaiandikisha, nikasimama kaunta mpaka karani akaigonga muhuri. Haina hela wala hundi ndani. Itakuja kwenye sanduku la posta la kazini kwa wifi, na atatia sahihi kabla ya kupewa, kwa hiyo nitajua siku imefika. Siku hizi ndivyo ninavyofanya kila kitu. Hundi naiandika kwa ile kalamu ya wino unaozama, naikunja ndani ya karatasi nyeusi, naipiga picha, naikabidhi mkononi, na kila asubuhi natazama imelipwa kwa jina gani. Wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa kama mtu aliyeumwa na nyoka. Wacheke.

Msalimie wifi, na mwambie nimemshukuru kwa kunieleza, ametenda ya kidada. Wasalimie watoto, mkubwa mwambie shangazi anataka kuona ripoti yake ya shule. Msalimie Baba Mdogo kama amepona jicho, na shangazi yetu wa sokoni, muuza mihogo, ambaye najua yeye peke yake angenipigia akaniuliza. Mama usimpe salamu zangu mpaka umemwambia. Ukishamwambia, mwache anipigie yeye mwenyewe, saa yoyote, hata kama huku watu wamelala. Nitapokea.

Wewe usinipigie kabla hujatoka Madimba.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hukumuuliza,
Somoe.